Kombe Moja, Mechi Tano, na Tarehe Nane ya Mwezi wa Tatu

Tarehe 23 Novemba 2024 ilikuwa Jumamosi, siku ya posho. Hapa Kasongo jenereta ililia katika chumba cha kuonyeshea mupira, vijana wakabanana kwenye mabenchi, wengine wakasimama mlangoni, kuangalia Manchester City ikipigwa 4-0 na Tottenham. Kesho yake asubuhi hata mama wa maandazi alijua kwamba City imekufa nyumbani kwake.

Siku ile ile, kule Moroko, wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliifunga AS FAR ya Rabat 1-0 na kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake. Habari hiyo mimi niliipata Jumapili mchana, mega zilipopatikana. Nikaiandika katika grupu letu la WhatsApp. Jibu la kwanza: "Mazembe gani?" La pili: "Wameolewa hao?" La tatu lilikuwa kile kichwa cha njano kinachocheka mpaka machozi.

Ndugu wasomi wenzangu, sitaki kumlaumu yeyote kwa jina. Wote tunajuana, na mimi mwenyewe nitakuja kujilaumu hapo chini. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya msimu ule wa Mazembe wanawake, na naona tumeusoma vibaya mara mbili. Wale wasioujali wameusoma vibaya, na sisi tunaoushangilia pia tumeusoma vibaya. Njo maana naandika kama mkosoaji. Washangiliaji Mazembe inao wa kutosha.

Kwanza tuelewane juu ya shindano lenyewe. Kombe la mabingwa la wanaume wa Afrika lilianza 1964. Mazembe, wakati ule ikiitwa Englebert, ililichukua 1967 na 1968, baba zetu wengi wakiwa hawajazaliwa. La wanawake lilianza 2021, kule Cairo. Kati ya moja na lingine kuna miaka 57. Maana yake, msichana aliyekuwa na mguu mzuri mwaka 1964 alikua, akaolewa, akazaa, akalea, akawa bibi, na ni mjukuu wake aliyekuta mlango umefunguliwa.

Kwa hiyo tunaongea juu ya ligi changa sana. Mwaka 2021 Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ilichukua kombe la kwanza kwa kuifunga Hasaacas Ladies ya Ghana 2-0. 2022 AS FAR iliipiga Sundowns 4-0. 2023 Sundowns ikarudi na kulichukua tena. Na Mazembe ilikuwa wapi? 2022 ilifika kwa mara ya kwanza, ikiwakilisha Afrika ya Kati, na ikatolewa katika makundi. 2023 haikufika kabisa. Nafasi ya kanda yetu ilichukuliwa na Huracanes ya Guinea ya Ikweta. 2024 ikarudi, ikaitoa FC Masar ya Misri katika nusu fainali, na katika fainali ikaifunga AS FAR mbele ya watu wake, ndani ya nchi yake.

Ukiweka miaka hiyo mitatu kwenye mstari mmoja, unaona kutolewa, kukosa, kisha kuchukua. Huo njo msimu ninaotaka tuusome. Kombe ni ukurasa wake wa mwisho tu.

Sasa nianze na sisi tunaoshangilia. Sifa ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko zote, mtaani na hata redioni, ni hii: "Wale wasichana wanacheza kama wanaume." Anayeisema anafikiri ametoa zawadi. Lakini iangalieni vizuri. Ni kama kumwambia mwanafunzi wa kike aliyepata distensheni: "Umesoma kama mvulana." Sifa hiyo inampa mtu kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto. Inamwambia kwamba uwanja ni wa mwingine, yeye ameazima tu, na siku akicheza vibaya ataambiwa arudishe. Ushindi wa 1-0 ugenini, kelele zote zikiwa za mwenyeji, hauletwi na bahati ya mguu mmoja. Unaletwa na watu kumi na mmoja waliozoea kuteseka pamoja. Tuwasifu kwa hilo. Waliteseka pamoja vizuri kuliko wengine, basi.

Sifa ya pili ni ile ya pesa: "Ah, ile ni pesa ya Moïse Katumbi tu." Hapa kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ni mgumu kuukosoa kuliko uongo mzima. Ni kweli, bila pesa hakuna ndege, hakuna mshahara, hakuna viatu. Lakini Katumbi ni rais wa Mazembe tangu 1997. Mwaka 2022 pia pesa ilikuwepo, na ekipe ikatolewa katika makundi. 2023 pia ilikuwepo, na ekipe ikakosa hata kufika. Kama pesa peke yake ingekuwa inafunga magoli, ingefunga tangu mwaka wa kwanza.

Mimi naona kilichoongezeka ni kurudia. Ekipe iliyopigwa ilijua kwamba mwaka ujao kuna shindano lingine, na mwaka unaofuata lingine tena. Kwa hiyo kupigwa kwake kulikuwa na faida. Ilirudi ikiwa na antrenere mwanamke, Lamia Boumehdi wa Moroko, mtu anayejua nyumba ya wale AS FAR kwa ndani. Mwezi wa Desemba 2024 CAF ilimchagua kuwa antrenere bora wa mwaka katika mupira wa wanawake. Na Mazembe ikaingia katika klabu chache za Afrika zilizochukua kombe la mabingwa la wanaume na la wanawake, yote mawili. Mwezi wa kwanza 2025 mshambuliaji Merveille Kanjinga alisaini Paris Saint-Germain. Haya yote hayakutoka katika muujiza wa usiku mmoja. Yametoka katika mechi iliyofuata mechi iliyofuata mechi.

Lakini nimesema mimi ni mkosoaji, basi niikosoe na ligi yenyewe. Inaitwa ligi. Ukihesabu, ni ekipe nane zinazokusanywa katika nchi moja kwa wiki mbili. Bingwa anacheza mechi tano: tatu za kundi, nusu fainali, fainali. Tano! Hapa Kasongo ekipe ya vijana wa mtaa inacheza zaidi ya hizo kabla mpunga haujaiva. Na katika hizo tano, hakuna hata moja iliyochezwa Lubumbashi. Mwaka 2015 Mazembe wanaume walipoifunga USM Alger ya Algeria, mechi ya mwisho ya fainali ilichezwa kwao, katika uwanja wa Kamalondo, na mtoto wa Kamalondo aliona kombe kwa macho yake. Mwaka 2024 msichana wa Kamalondo aliona kombe kwenye simu kama sisi wa Kasongo, labda tu mega zake ni za kasi kidogo.

Hilo haliko jambo dogo. Mtoto hapendi mupira kwa sababu ameambiwa matokeo. Anaupenda kwa sababu amesimama kando ya mstari, vumbi limemwingia machoni, akamwona mtu anayefanana naye akikimbia mbele yake. Ligi isiyokuja nyumbani inazaa mabingwa, ndiyo, lakini haizai watazamaji. Na ligi isiyo na watazamaji, kesho mtu ataifunga kama anavyofunga butiki isiyo na wateja, na atasema: "Mmeona? Hakuna anayeitaka."

Kuna pia pesa ya zawadi. Bingwa wa wanawake wa 2024 alipewa dola 600,000. Ni nyingi kuliko dola 400,000 za miaka ya kwanza, na tuwape CAF haki yao kwa hatua hiyo. Bingwa wa wanaume mwaka huo huo alipewa dola 4,000,000. Karibu mara saba. Watetezi watajibu kwamba wanaume wanaleta televisheni na matangazo. Sawa. Lakini wanaume walipewa miaka 57 ya kujitengenezea jina peke yao njiani. Ukimzuia mtu mlangoni tangu asubuhi, jioni usimuulize kwa nini shamba lake haliko na mavuno.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi, na hapa wapenzi wa Mazembe wataninunia. Julai 2025, miezi nane haijatimia tangu lile kombe, ekipe ya taifa ya wanawake ya Congo ilicheza Kombe la Afrika, kule kule Moroko. Ilipigwa na Senegal 4-0. Ikapigwa na Moroko 4-2. Ikapigwa na Zambia 1-0. Mechi tatu, pointi sifuri. Tulikuwa na klabu bingwa wa Afrika na tulikuwa na taifa lisilo na pointi, ndani ya mwaka mmoja wa mupira.

Watu walisema mengi: antrenere, maandalizi, bahati. Labda kila mmoja ana punje yake ya ukweli. Lakini mimi naona jibu liko wazi kama jua la saa sita. Mti mmoja ulinyeshewa, msitu haukunyeshewa. Klabu moja, katika mji mmoja wa shaba, ilipata mazoezi, mshahara na mechi. Nchi yenye majimbo 26 haikupata. Ekipe ya taifa haiwezi kuchota maji ya kisima kimoja na kumnywesha kila mtu. Na msiniambie kwamba wanawake wa Congo hawana kipaji, au kwamba wameanza jana. Mwaka 1998, kule Nigeria, ekipe ya taifa ya wanawake ilishika nafasi ya tatu Afrika. Ya tatu! Kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni kalenda ya kukilea.

Angalieni majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Tanzania walianzisha ligi kuu ya wanawake msimu wa 2016/17. Ilianza kwa shida, viwanja vibovu, watu wachache. Lakini ilianza, na mwaka uliofuata ikaendelea, na uliofuata tena. Mwaka 2022 wasichana wao wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia kule India na kufika robo fainali. Mwaka huo huo Simba Queens walifika nusu fainali ya hii hii Ligi ya Mabingwa ninayoiongelea. Hawakuchukua kombe, walimaliza wa nne. Kombe tulilichukua sisi. Lakini kama mngeniambia nichague kati ya kombe moja na ligi ya miaka yote hiyo, ningechagua ligi. Kombe linakaa ndani ya kabati. Ligi inazunguka.

Mpaka hapa nimewakosoa watu wa mbali, na kuwakosoa watu wa mbali ni raha. Sasa nirudi nyumbani.

Hapa Kasongo mupira wa wanawake tunao. Msiseme hatuna. Tunao siku moja kwa mwaka, tarehe nane ya mwezi wa tatu. Mnaijua vizuri. Asubuhi kuna maandamano, vitenge vipya vya sare, hotuba ambazo kila mwaka ni ile ile. Alasiri kuna mechi: wamama walioolewa na wasichana, au walimu na wauguzi. Mama mmoja mnene anawekwa golini makusudi ili watu wacheke. Mwingine anaupiga mupira, kiatu kinaruka, mupira unabaki. Mwenye kipaza sauti anatania kila anayeanguka. Mwamuzi anapuliza kipenga kabla dakika tisini hazijafika, juu wakubwa wanataka kwenda kula. Tunapiga picha, tunarudi nyumbani tumefurahi.

Mimi nilicheka kila mwaka. Nimesema nitajilaumu, basi ninajilaumu. Nilikuwa nikisimama chini ya mwembe pamoja na wenzangu wa chuo, tukicheka mpaka mbavu zikauma, na jioni nikiandika kwenye simu: "Heshima kwa wamama wetu."

Mwaka uliopita nilikuwa na mudogo wangu wa kike pembeni. Ana miaka kumi na tatu. Yeye hacheki. Ni wale watoto wanaocheza na wavulana nyuma ya shule, miguu mitupu, mupira wa mifuko na kamba, na wavulana wanamwita wa kwanza wakati wa kugawana ekipe, siyo wa mwisho. Alikuwa anaangalia mechi ile kwa uso wa mtu anayetafuta kitu. Katikati ya uwanja kulikuwa na msichana mmoja anayejua. Nafikiri wengi wenu mlimwona. Alikuwa anapokea mupira kwa kifua, anauteremsha, anainua kichwa kabla ya kutoa pasi. Kila alipofanya hivyo, watu hawakupiga makofi. Walingoja mama wa golini aanguke.

Tukiwa njiani mudogo wangu aliniuliza: "Yaya, yule dada mechi yake ingine ni siku gani?"

Nikataka kumjibu haraka, kama tunavyowajibu watoto. Nikakosa jibu. Mechi yake ingine ilikuwa mwaka ujao, tarehe ile ile, kama hataolewa, kama hatazaa, kama hatahamia Kindu, kama hatakuwa shambani siku hiyo. Wanawake wa Mazembe walicheza mechi tano katika shindano lile na mimi nalalamika kwamba ni chache. Yule dada ana moja, na hiyo moja ni ya kuchekesha.

Kwa udadisi tu, wiki chache baadaye niliwauliza watu matokeo ya mechi ile. Mmoja aliniambia wasichana walishinda 2-1. Mwingine akasema ilikuwa sare. Mwalimu mmoja, aliyekuwa uwanjani tangu mwanzo mpaka mwisho, alisema: "Kwani kulikuwa na matokeo?" Nikatafuta kama kuna mtu aliyeandika mahali. Hakuna. Matokeo ya Manchester City na Tottenham tunayakumbuka mpaka leo, lakini magoli ya dada zetu, yaliyofungwa mbele ya macho yetu, yamepotea kabla wiki haijaisha.

Ninajua mtakachosema, juu nimekwisha kusikia. Mtasema: Kasongo hii, ambako kutoka Kindu gari linaweza kulala njiani siku kadhaa wakati wa mvua, ambako watu wa Kabambare wanakimbia na mizigo kichwani kila mara bunduki zikilia, ambako mwalimu anangoja mshahara kama mtu anayengoja treni, wewe unakuja na maneno ya mupira wa wasichana? Ni swali la haki, na nalijibu kwa swali lingine. Wavulana wanacheza katika Kasongo ipi? Ni hii hii. Barabara ni ile ile, mvua ni ile ile, njaa ni ile ile, na kila jioni uwanja umejaa. Shampiona ya wanaume haikungoja lami. Basi umaskini hautoshi kuwa sababu. Umaskini unatubana wote, lakini uwanja tumewagawia wengine sisi wenyewe.

Swali la pili ni zito zaidi, na nimelisikia kwa mama yangu mwenyewe: "Saa kumi ya jioni msichana akienda kupiga mupira, nani atateka maji? Nani atatwanga sombe?" Hapa siwezi kuleta mzaha. Saa kumi ni saa ya mupira kwa mvulana, na ni saa ya kazi kwa dada yake. Mvulana anacheza juu ya mgongo wa dada yake, kusema kweli. Anarudi ametoka jasho, anakuta maji ya kuoga yametekwa. Kwa hiyo kabla ya kuomba viatu na jezi kwa mheshimiwa yeyote, kuna kitu ambacho hakiombwi kwa mheshimiwa: kaka abebe bidoni mara moja kwa wiki. Moja tu. Mimi nimeanza, na nakiri kwamba siku ya kwanza nilipita njia ya nyuma ili wenzangu wasinione.

Kuna na wale watakaosema mupira unaharibu wasichana. Hao nawajibu kwa upole, juu wengine ni wazazi wanaoogopa kwa haki. Msichana anayerudi giza limeingia, katika mji usio na taa, mzazi wake ana sababu ya kuogopa. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kuweka mechi asubuhi, pamoja na watu wazima wanaoaminika kando ya uwanja, wanawake wakiwemo. Kumfungia ndani hakumlindi na kitu chochote ambacho hatukijui.

Sasa mkosoaji anayemaliza kwa kulaumu tu ni kama mgeni anayekula na kuondoka bila kunawa. Niseme ninachoona kinawezekana, kwa hesabu ya kawaida. Shule sita za sekondari. Kila moja iunde ekipe moja ya wasichana. Kila ekipe ikutane na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Ni mechi 30. Mechi tatu kila Jumamosi asubuhi, Jumamosi kumi. Miezi miwili na nusu, imekwisha. Viwanja viko. Mupira mmoja kwa kila shule. Waamuzi? Sisi. Wasomi wangapi katika chama hiki wanajua sheria za kuotea kuliko wanavyojua mada ya tfe yao wenyewe?

Haitazaa Kanjinga mwingine mwaka huu. Huenda haitamzaa kamwe, na siyo hiyo shabaha. Mazembe haikuanza na kombe. Ilianza na kutolewa. Shabaha ni kwamba msichana apigwe 5-0 Jumamosi hii, alie, halafu Jumamosi ijayo awe na mahali pa kujaribu tena. Kama mmoja ataacha masomo katikati ya mwaka, ekipe itajua siku hiyo hiyo, juu nafasi yake itakuwa wazi na watu watauliza: "Yuko wapi?" Leo msichana akiacha masomo hapa Kasongo, nani anauliza?

Hicho ndicho kilicho hatarini katika maneno yote haya, siyo kombe wala sifa ya jimbo. Ekipe ni watu wanaogundua kwamba haupo.

Kwa upande wangu nimenunua daftari. Ni la kurasa mia moja, la kawaida, lile la wanafunzi. Ukurasa wa kwanza niliandika mechi ya tarehe nane ya mwezi wa tatu, na pale pa matokeo nikaacha nafasi wazi, juu hakuna aliyeweza kuniambia. Ukurasa wa pili haujaandikwa kitu. Mudogo wangu ameuona, na kila Jumamosi ananiuliza kama leo tutaandika.